Jua la omena, mvuke wa Olkaria na koroboi ya mama

Asubuhi ya Aprili, ufuoni Usenge katika kaunti ya Siaya, akina mama wanaoanika omena, dagaa wadogo wa Ziwa Viktoria, huanza kazi kwa kutazama mawingu. Omena imetandazwa juu ya nyavu kuukuu, inameta kama fedha, eneo la karibu nusu kiwanja cha mpira. Jua likikaza, kufikia alasiri imekauka na bei yake ni ya chakula cha watu. Mvua ikinyesha saa nane, omena inalala mbichi, inaanza kunuka, na kesho yake mnunuzi ni mtu wa chakula cha kuku, anayelipa anavyotaka.

Huo ndio mtambo wa sola wa zamani kabisa katika Nyanza. Hauna mafuta ya kununua, hauna bili, hautoi moshi. Ila hauna swichi.

Rudi nyuma saa chache, kabla hapajapambazuka. Omena hiyo ilivuliwa kwa taa, maana samaki hawa hufuata mwanga. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikielea juu ya vyelezo, na kutoka ufuoni ungedhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Mafuta yalikula sehemu kubwa ya mapato ya usiku. Mwaka 2018 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kukomesha wanaoyachanganya na dizeli, yakala zaidi. Leo mitumbwi mingi hubeba taa za LED zenye betri, zilizochajiwa mchana kwa jua. Mvuvi amepumzika kununua mafuta kila siku, lakini betri ilimdai fedha zote siku ya kwanza. Na ikichoka saa tisa usiku, huwezi kuiongezea kutoka kwenye mtungi ulio chini ya kiti, kama ulivyoweza kuiongezea karabai.

Ninaanza na omena kwa sababu kila ninaposikiliza mabishano kuhusu nishati, iwe kwenye matatu ya Kisumu kwenda Busia au kwa kinyozi, mambo mawili tofauti hufungwa katika gunia moja. Watu husema “jadidifu” wakimaanisha safi, rahisi, ya kisasa na ya kuaminika. Neno lenyewe halisemi hivyo. Kujadidi ni kufanya upya. Nishati jadidifu ni ile inayojirudisha kwa kasi inayoweza kufuatana na matumizi yetu: jua, upepo, mto, joto la ardhini, kuni, gesi ya samadi. Isiyojadidifu ni ile iliyochukua mamilioni ya miaka kujikusanya nasi tunaimaliza kwa vizazi vichache: mafuta, gesi asilia, makaa ya mawe. Maana hiyo inahusu kasi tu. Haitaji moshi, haitaji bei, na haikuambii kama stima itakuwapo saa mbili usiku.

Chukua nyuklia, kwa kuwa sasa mpango wa kujenga kinu chake umekuwa gumzo la Siaya baada ya wakazi wa Uyombo kule Kilifi kuupinga. Urani huchimbwa na haijirudishi, kwa hiyo haihesabiwi kuwa jadidifu. Hata hivyo kinu cha nyuklia hakitoi moshi na kinafanya kazi usiku na mchana. Maswali yake yako kwingine: gharama ya kujenga, taka zake, maji ya kupozea, na nani atakayekilinda. Mtu akikupigia debe nyuklia au kuipinga kwa kigezo cha ujadidifu peke yake, bado hajagusa swali lenyewe.

Halafu chukua makaa ya kupikia.

Gunia la makaa na mto Sondu

Kuna takwimu inayopendwa sana na viongozi wetu wakienda mikutano ya tabianchi: karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo jadidifu. Ni kweli, na nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Lakini hiyo ni hesabu ya umeme. Ukihesabu nishati yote nchini, ile inayopika ugali, inayokaanga mandazi, inayoendesha matatu na kuchemsha chai ya hoteli, umeme ni sehemu ndogo tu. Karibu theluthi mbili ni kuni na makaa. Kinachofuata ni mafuta.

Sasa, kuni ni jadidifu au si jadidifu? Kitabuni ni jadidifu, kwa sababu mti huota tena. Nyumbani kwetu, mama alikuwa akikata matawi ya miti ya ua na kuacha shina, na ua huo ulipika kwa miaka bila kuisha. Ile ilikuwa nishati jadidifu hasa. Lakini gunia lililosimamishwa kando ya barabara ya Njoro kwenda Mau Narok lina historia nyingine. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 10 za mti hutoa kilo moja, ukibahatika mbili, za makaa. Zilizobaki zimepotea kama moshi na joto. Mti wa miaka 40 unaondoka kwa wiki moja na hakuna aliyepanda mwingine. Huo ni uchimbaji wa madini, tofauti ni kwamba shimo lake liko juu ya ardhi.

Tena mto Sondu hutoka kwenye msitu huohuo wa Mau. Mwaka 2008 kituo cha Sondu Miriu, megawati 60, kilianza kuzalisha umeme kwa maji ya mto huo, na 2012 kituo cha Sang'oro kikaongezwa chini yake ili kuyatumia maji yaleyale mara ya pili. Ni mpango mzuri sana, nao haukuhitaji bwawa kubwa la kuzamisha vijiji. Lakini kukosa bwawa kubwa ni kukosa akiba: mto ukikonda, umeme unakonda siku hiyohiyo. Msitu ndio bwawa lake. Unapoukata kupata makaa, unakula nishati jadidifu moja kwa kutumia nyingine, na vitabu vyote viwili vya hesabu vinaandikwa “kijani”.

Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, ikaondoa katazo hilo Julai 2023. Katika miaka hiyo bei ya makaa ilipanda mijini, na hapa magharibi mengine yakavuka mpaka kutoka Uganda. Katazo halikupunguza njaa ya jikoni.

Kilichopunguza, kwa waliojaliwa, ni mtungi wa gesi. Na gesi ya mtungi hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia! Huja kwa meli, haijirudishi, na bei yake inafuata dola. Ukifuata jina, mwanamke wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anayehama kutoka makaa kwenda gesi ameacha nishati jadidifu na kushika isiyojadidifu, yaani amerudi nyuma. Ukifuata mapafu yake, macho ya mtoto aliyembeba mgongoni, na mti uliobaki Mau, ameenda mbele hatua kubwa. Mimi nafuata mapafu. Gesi ya samadi ingekuwa bora kuliko zote mbili, na wenye ng'ombe wa maziwa Nakuru na Kakamega wanaojenga mitungi yake hupata mbolea juu yake. Inahitaji ng'ombe wawili watatu wa zizini, maji, na mtu wa kuchanganya samadi kila siku. Nyalenda hakuna zizi.

Chini ya Nakuru kuna moto

Kama kungekuwa na chanzo kimoja kinachojibu lawama kwamba nishati jadidifu haiaminiki, ni jotoardhi. Hapa Bonde la Ufa ganda la dunia limechanika na kuwa jembamba, miamba ya moto iko karibu, na maji ya mvua yaliyozama huko chini huchemka. Unatoboa kisima cha kilomita mbili au tatu, mvuke unapanda kwa nguvu, unazungusha tabo, yaani gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta, unapozwa, na maji yake hurudishwa ardhini. Jua likizama, mvuke upo. Ukame ukija, upo. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, uliwashwa 1981 ukiwa na megawati 15 tu. Leo jotoardhi ya Kenya imepita megawati 900 na hutoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wetu wote.

Wanaokumbuka mwaka 2000 wanajua maana yake. Nchi ilikuwa imeegemea maji ya mto Tana, ukame ukaja, na umeme ukagawiwa kwa zamu huku mitambo ya dizeli ikikodishwa haraka kwa bei ya dharura. Umeme wa maji ni jadidifu mpaka mvua ikatae.

Basi kwa nini hatukutoboa Bonde zima? Kwa sababu ya fedha na subira. Kisima kimoja hugharimu mamia ya milioni ya shilingi, na hujui mvuke wake una nguvu gani mpaka umeshalipa. Benki haipendi shimo ambalo pengine ni kavu. Ndiyo sababu mwaka 2008 serikali iliunda shirika la GDC libebe hatari ya kutoboa, kisha wawekezaji waje kununua mvuke. Menengai, kreta inayoutazama mji wa Nakuru kutoka juu, ilianza kutobolewa 2011. Mtambo wake wa kwanza, megawati 35, uliingia kwenye gridi 2023. Miaka kumi na miwili! Jenereta za dizeli za ukubwa huo zingefungwa kwa miezi tu.

Wala haikosi madhara. Ukipita mbuga ya Hell's Gate, jirani na Olkaria, upepo ukiwa upande wako, unanusa yai bovu. Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Mabomba yanakatiza kwenye mbuga na malisho. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, zikalalamika hadi kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukafanywa. Nishati isiyo na moshi inaweza kabisa kumhamisha mtu kwake.

Saa moja na nusu jioni, Kondele, Kisumu

Kinyozi wangu ana mashine ya stima, redio, kioo kikubwa na jenereta ndogo ya petroli nyuma ya mlango. Jioni moja alikuwa ameshamaliza upande wa kushoto wa kichwa changu stima ilipopotea. Akatoka kuvuta kamba ya jenereta. Ikagoma. Nikakaa hapo robo saa, nusu mtu mzima nusu mwanafunzi, nikiwaza jambo ambalo sikuwa nimelielewa vizuri: tunawezaje kukosa umeme katika nchi inayomwaga mvuke?

Maana tunaumwaga. Kuanzia saa nne usiku watu wanalala, viwanda vingi vinazima, na mahitaji ya nchi hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Mvuke wa Olkaria haujui kulala. Gridi isipouhitaji, unaachiwa hewani. Jioni kati ya saa moja na saa nne ni kinyume chake: kila nyumba imewasha taa, televisheni, birika na pasi kwa wakati mmoja, na mahitaji ya nchi yamepita megawati 2,300.

Wakati huohuo mashamba ya sola ya Uasin Gishu, yale ya Selenkei, Cedate na Kesses, kila moja la karibu megawati 40, yamelala. Saa sita mchana yalikuwa yakitiririsha, lakini saa moja jioni paneli ni kioo tu. Upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, unaweza kuwepo au usiwepo, ingawa upepo wa kule Loiyangalani ni wa kudumu kuliko wa sehemu nyingi duniani.

Hapo anaitwa mzee wa dizeli. Faida moja ya mafuta ambayo mtu mwaminifu hawezi kuikana ni hii: yanakaa ndani ya tangi yakikungoja. Lita moja ya dizeli, unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, hutoa kama yuniti tatu za umeme, saa yoyote, mvua au jua. Hospitali ikiwa na mgonjwa kwenye meza ya upasuaji haimngoji mawio. Bei ya urahisi huo ndiyo unayoiona kwenye ujumbe wa tokeni za stima kama tozo ya mafuta, na inafuata soko la dunia ambalo sisi hatulisemeshi.

Na sisi wa magharibi tuna shida ya ziada ambayo haihusiani na jadidifu wala isiyojadidifu: umbali. Umeme wa Olkaria hufika kwetu kwa nyaya, kupitia kituo cha umeme cha Lessos, hadi Kisumu. Nyaya zikibebeshwa kupita uwezo wake, nguvu hufika imechoka, taa zinafifia, friji zinaungua. Ili kuikaza, mtambo wa Muhoroni umekuwa ukiwashwa. Huitwa wa gesi kwa sababu ya aina ya tabo yake, lakini huchoma mafuta, na umeme wake ni miongoni mwa ghali kabisa nchini. Umewekwa pale kwa sababu uko karibu. Mradi wa laini ya Olkaria–Lessos–Kisumu ulibuniwa kuondoa udhaifu huo. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anayetaka umeme safi aulize kwanza habari ya nyaya na transfoma, kabla ya paneli. Ule upepo wa Turkana ulitufundisha: mitambo ilikuwa tayari 2017, laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ikachelewa hadi 2018, na umma ukadaiwa fidia kwa umeme uliokosa njia ya kupita.

Dawa za jioni zipo. Betri kubwa za gridi ni mojawapo, nazo bei yake inashuka kama ilivyoshuka ya paneli, ambazo sasa ni rahisi kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko 2010. Mabwawa yanayohifadhi maji mchana na kuyafungulia jioni ni nyingine. Turkwel, megawati 106, inaweza kucheza mchezo huo kwa kuwa ina bwawa la kweli. Ya tatu ni kuhamisha mahitaji yenyewe. Kuanzia mwisho wa 2017 viwanda vilipewa bei ya nusu kwa umeme wa ziada wanaotumia usiku wa manane, na bodaboda za umeme zinazochajiwa saa saba usiku zinakunywa mvuke ambao ungepotea. Sijui kama yupo dereva wa boda ambaye amewahi kufikiri kwamba anaendesha volkano, lakini ndivyo ilivyo.

Nani analipa mwanzo, nani analipa mwisho

Ukiweka kando moshi, tofauti kubwa kati ya familia hizi mbili za nishati ni siku ya malipo. Sola, upepo na mvuke hulipwa mwanzoni, kwa mkopo, na mikopo hiyo mara nyingi ni ya dola au yuro. Kwa hiyo shilingi ikiporomoka, umeme wa jua letu wenyewe unapanda bei, na ndiyo maana tokeni ina tozo ya fedha za kigeni pia. Mafuta hulipwa kidogo kidogo bila kikomo. Mwenye posho mili kijijini Ahero anaijua hesabu hii bila kusomeshwa: injini ya dizeli aliyoinunua kuukuu inasaga leo, na kila tarehe 14 ya mwezi anasubiri bei mpya ya mafuta roho mkononi. Kinu cha sola kingemwondolea hofu hiyo, lakini fedha zake za kwanza ni za shamba.

Taka nazo zina siku yake. Paneli hudumu miaka 25 au zaidi, betri hazifiki hapo. Betri za risasi zikiyeyushwa ovyo zinaua: katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu, na 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Nani anakusanya betri zilizokufa Usenge na Mbita? Mara nyingi ni yule mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mkokoteni.

Kuhusu makaa ya mawe sina maneno mengi. Kiwanda kilichopangwa Lamu kilinyang'anywa leseni na mahakama ya mazingira Juni 2019. Kila yuniti ya umeme wa makaa ya mawe hutoa takriban kilo moja ya hewa ya ukaa. Nchi yenye mvuke wa bure usiku haina sababu ya kununua hilo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama Siaya. Juu ya bati ana paneli ndogo inayowasha taa tatu na kuchaji simu. Stima ya gridi ipo pia. Jikoni kuna mtungi wa gesi tuliomnunulia, anaoutumia kwa chai na mayai, na mafiga matatu nje kwa ajili ya maharagwe, maana anasema gesi haijui kupika maharagwe. Usiku mvua ikanyesha, stima ikapotea, na kwa kuwa mchana ulikuwa wa mawingu, taa za sola zikazimika saa tatu.

Nikasikia kiberiti. Mama akaingia na koroboi, mkono mmoja ukikinga mwali.

“Mama, si tulikubaliana hii itupwe?”

“Mlikubaliana nyinyi,” akasema, akaiweka mezani. Ilikuwa na utambi mpya.